Kovu kubwa, kipande kidogo: kisa cha uvimbe wa sentimita 1.8 kwenye pafu

Mgonjwa ni mama wa miaka 63. Amebanika samaki Igombe, Mwanza, zaidi ya miaka 30, hajawahi kushika sigara, na alipofika kliniki ya kifua alikuwa amekwishameza dawa za TB miezi miwili bila TB yenyewe kuonekana popote. Kisa chake nimekisuka kutokana na wagonjwa wa aina yake tunaowaona Kanda ya Ziwa, ili asitambulike mtu. Hesabu za pafu, mabishano ya madaktari na maswali ya ndugu ni yale yale tunayokutana nayo.

Yalianza kwa kuanguka na bodaboda. Mbavu za kulia zikauma, akapigwa eksirei kutafuta ubavu uliovunjika. Haukuwepo. Kilichokuwepo ni kidoa cha mviringo, nyuma, karibu na uti wa mgongo, sehemu ya juu ya lobu (fungu kubwa la pafu) ya chini ya pafu la kulia. Daktari yeyote wa Tanzania akiona kidoa pale anawaza TB kwanza, na ana haki, maana pale ni mojawapo ya maskani zake za kudumu. Isitoshe, mama alishatibiwa TB mwaka 1998 na mara nyingine baada ya hapo, na lobu ya juu ya pafu lake la kushoto ilibaki kovu tupu, imesinyaa na kuvutwa juu. Kituo alichoanzia kikapima makohozi kwa GeneXpert, vimelea havikuonekana, na dawa zikaanzishwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo hasira zangu zinapoishia, kwa sababu naelewa dawa zilivyoanzishwa. Kusema kipimo huenda kimekosea ni hoja halali kwa mtu anayekohoa usiku kucha, anayelowa jasho na kupungua uzito. Mama huyu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Alikuwa na mbavu zinazouma, basi. Miezi miwili baadaye eksirei ikarudiwa, kidoa kikawa vile vile, na aliyesema sasa inatosha alikuwa binti yake, si mhudumu wa afya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa nina TB ya tatu. Na wewe useme."

CT-Scan ilionyesha uvimbe wa sentimita 1.8, mgumu wote, wenye kingo zenye miiba midogo inayovuta nyama ya pafu iliyouzunguka. Tezi za katikati ya kifua zilikuwa ndogo, kadhaa zikiwa na chokaa ya TB ya zamani. Ini safi, tezi za juu ya figo safi. Tukachukua kinyama kwa sindano kupitia mgongoni, CT ikituongoza, na patholojia ikajibu: adenokasinoma, aina ya saratani ya pafu inayoongoza kwa watu wasiovuta sigara.

Ndugu waliuliza kuhusu moshi kabla hata hatujamaliza kuwapa majibu. Banda la kubanikia sangara ni la mabati, moto uko chini, samaki juu, na anayegeuza samaki anainama juu ya moshi huo huo tangu asubuhi. IARC, chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachopanga visababishi vya saratani, kimeuweka moshi wa kuni za majumbani kwenye kundi la 2A, maana yake ushahidi unaelekea kuwa unasababisha saratani kwa binadamu, bila kufika kiwango cha uhakika cha sigara au cha moshi wa makaa ya mawe ya majumbani. Kovu la TB nalo huongeza hatari. Kwa mgonjwa mmoja mmoja huwezi kunyoosha kidole useme ni hiki. Niliwaambia hivyo, na sikuona kama jibu liliwaridhisha.

Jambo la kushika ni kwamba tulimkuta mapema. Uvimbe ulio kati ya sentimita 1 na 2, tezi hazijaguswa, haujasafiri: hiyo ni hatua ya IA2. Katika takwimu za kimataifa zilizotumika kupanga hatua hizi, wagonjwa wa kundi hilo walioishi miaka mitano walikuwa takribani 83 kati ya 100. Wengi tunaowapokea wanakuja kifua kimejaa maji, au saratani imeshaingia mifupani, na mazungumzo ya upasuaji hayapo kabisa. Kwa huyu mazungumzo yalikuwepo, na yakawa marefu.

Maswali mawili yanayofungwa kwenye fungu moja

Kikao cha familia kilikuwa na watu tisa, wakiwemo mjomba kutoka Sengerema na kijana mkubwa wa mama, dereva wa malori, ambaye alikuwa ameshasoma mengi kwenye simu. Alikuja na msimamo: operesheni ya kisasa ni ya matundu, ya zamani ni ya kuchana, sisi tunataka ya kisasa.

Nimeona kosa hili mara nyingi, na si kwa ndugu wa wagonjwa tu, hata kwa wauguzi na madaktari vijana. Upasuaji wa saratani ya pafu una maswali mawili. La kwanza: utatoa kiasi gani cha pafu? La pili: utaingilia wapi? Mtu anaweza kutolewa pafu kubwa kupitia matundu matatu madogo, na mwingine akatolewa kipande kidogo kupitia mchano mrefu. Kovu halikuambii kilichotoka.

Kiasi ndicho kinachohusu uhai, kwa hiyo tulianza nacho. Niliwaeleza kwa mkungu wa ndizi. Shina ni mrija mkuu wa hewa unaoingia kwenye pafu. Chane ni lobu: pafu la kulia lina tatu, la kushoto mbili. Ndizi moja moja ndizo segimenti, na kila moja ina kikonyo chake, yaani mrija wake wa hewa na ateri yake. Tukihesabu kwa ajili ya upasuaji, mapafu yote mawili yana segimenti 19.

Kutoa pafu zima la upande mmoja kunaitwa pneumonektomia, na ndiko historia ilikoanzia. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu zima la kushoto lenye saratani, na mgonjwa akapona. Gilmore aliishi hadi 1963. Graham mwenyewe, mvutaji sigara, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Kwa uvimbe mdogo wa pembeni kama wa mama huyu, hakuna anayewaza tena kutoa pafu zima.

Kutoa lobu ni lobektomia. Kutoa segimenti moja au mbili kwa kukata kwenye kikonyo ni segimentektomia. Halafu kuna kukata pembe: mpasuaji anauzunguka uvimbe na kuuondoa na nyama kidogo ya pafu, bila kufuata kikonyo chochote. Ni ya haraka, haichoshi mgonjwa, na ina kasoro mbili kwa kisa hiki. Uvimbe wetu ulikuwa umezama karibu sentimita mbili kutoka juu ya pafu, kwa hiyo kupata ukingo salama, yaani nyama safi ya kutosha kuuzunguka uvimbe, kwa kukata pembe kungekuwa kubahatisha. Pia unapokata pembe huzifikii tezi zilizo kwenye kikonyo, na tezi ndizo zilizokuja kuwa moyo wa kisa hiki. Tukaiweka kando.

Pafu ambalo hesabu ya kawaida hailioni

Zikabaki lobektomia na segimentektomia. Uvimbe ulikuwa kwenye segimenti ya juu ya lobu ya chini ya kulia. Lobu hiyo ina segimenti tano. Kwa hiyo swali lilikuwa kutoa tano au kutoa moja.

Mama alipuliza kipimo cha pumzi. Hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa lita 1.16, sawa na asilimia 61 ya inayotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. Hesabu inayofundishwa darasani ni rahisi: gawa segimenti zitakazobaki kwa 19, zidisha kwa asilimia uliyopata. Ukitoa tano, anabaki na asilimia 45. Ukitoa moja, 58.

Tatizo ni ile lobu ya juu ya kushoto. Kwenye karatasi ina segimenti tano. Kifuani ni kovu lisilopitisha hewa. Pumzi yote aliyopuliza ilitoka kwenye segimenti 14 tu. Ukirudia hesabu kwa 14, lobektomia inamwacha na asilimia 39, segimentektomia inamwacha na 57. Hapa kwetu, ambako TB za zamani ni nyingi, mtu akiniletea hesabu ya 19 bila kuniambia amehesabu makovu, namrudisha akaiangalie tena picha.

Asilimia 39 si marufuku. Miongozo inayotumika sasa inasema ukipata zaidi ya 60 unaweza kuendelea, chini ya 30 unahitaji kipimo kamili cha mazoezi, na katikati ya hapo mpandishe mgonjwa ngazi. Zamani mstari mwekundu ulikuwa 40. Kipimo cha namna gesi inavyovuka kutoka pafuni kwenda kwenye damu, ambacho kinatakiwa kwenda pamoja na cha pumzi, hatukuwa nacho, kwa hiyo ngazi zikabeba uzito zaidi.

Mama anakaa kwa binti yake Mabatini, juu kwenye mawe. Anayeujua mtaa huo anajua kufika mlangoni ni kupanda, miamba upande huu na nyumba upande ule. Nilimuuliza anapumzika mara ngapi toka barabarani. Akasema hapumziki, ila husimama kusalimiana na watu. Nikamuuliza huwa anasalimiana na wangapi. Akacheka, kisha akasema watatu, wanne siku za joto.

Tukampandisha ngazi za hospitali, muuguzi mbele, mimi nyuma, kipimo cha oksijeni kidoleni. Kinachotafutwa ni kupanda mita 22 kwenda juu bila kusimama. Alifika ghorofa ya nne, kama mita 12, akashika ukuta. Oksijeni ilikuwa 96 chini, ikawa 91 pale juu. Kwangu mimi, ukuta ule ulimaliza nusu ya mjadala.

Tafiti tatu, na kinachofichwa ndani yake

Nusu ya pili ilikuwa hii: tukitoa kidogo, je, tunaacha saratani?

Kwa karibu miaka 30 jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka 1995 Ginsberg na Rubinstein walichapisha utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliolinganisha wagonjwa 247, na waliotolewa pungufu ya lobu walirudiwa na saratani pale pale kifuani mara tatu zaidi ya waliotolewa lobu nzima. Lobektomia ikawa sheria. Lakini ukiufungua utafiti ule, uvimbe ulikuwa wa hadi sentimita 3, karibu theluthi ya waliotolewa kidogo walikatwa pembe, na picha za wakati ule hazikuwa za sasa.

Mwaka 2022 Wajapani walitoa matokeo ya JCOG0802, wagonjwa 1,106 wenye uvimbe wa pembeni usiozidi sentimita 2, nusu lobektomia, nusu segimentektomia. Walioishi miaka mitano: asilimia 94.3 kwa segimentektomia, 91.1 kwa lobektomia. Mwaka uliofuata utafiti wa CALGB 140503, wagonjwa 697, ulionyesha kwamba kutoa pungufu ya lobu hakukuwa duni: walioishi miaka mitano walikuwa asilimia 80.3 dhidi ya 78.9. Humo zaidi ya nusu ya waliotolewa kidogo walikuwa wamekatwa pembe.

Kijana wa mama aliposikia 94 na 91 alisema basi, jambo limekwisha. Halijaisha. Katika utafiti wa Japani, saratani ilirudi pale pale kwa asilimia 10.5 ya waliotolewa segimenti, na asilimia 5.4 ya waliotolewa lobu. Yaani ilirudi mara mbili zaidi, na bado wakaishi zaidi. Inawezekanaje? Kati ya watu 83 waliofariki upande wa lobektomia, 52 walikufa kwa magonjwa mengine. Upande wa segimenti walikufa 58, na 27 kati yao ndio waliouawa na magonjwa mengine. Huenda aliyebaki na pafu la akiba aliweza kustahimili lililokuja baadaye, iwe saratani ya pili au ugonjwa mwingine, na aliyerudiwa alitibiwa tena.

Sharti lake ni kwamba kurudi huko kuonekane mapema. Hospitali zile za Japani zilimpiga mgonjwa CT kwa ratiba, mwaka baada ya mwaka. Ukimtoa mtu segimenti halafu akapotelea visiwani miaka mitatu, umempa hatari ya utafiti ule bila kinga yake. Nilimuuliza binti waziwazi: CT ya kila miezi sita mtaiweza? Nauli, siku ya kazi, bima? Akasema mama sasa anakaa naye, si Igombe tena. Jibu hilo liliingia kwenye uamuzi kwa uzito ule ule wa kipimo cha pumzi.

Niongeze jambo linalopunguza mvuto wa segimentektomia, maana baadhi ya wenzangu wanaipigia debe kupita kiasi. Kwa Wajapani wale, ambao wengi mapafu yao yalikuwa mazuri, tofauti ya pumzi baada ya mwaka mmoja ilikuwa ndogo: waliotolewa lobu walipoteza asilimia 12.0, wa segimenti 8.5. Kwa mtu mwenye akiba ya kutosha, asilimia tatu na nusu hazimfanyi chochote, na hewa huvuja zaidi baada ya segimentektomia. Kama uvimbe wa mama ungekuwa lobu ya juu ya kulia, yenye segimenti tatu, tena mpakani mwa segimenti mbili, ningekubali lobektomia bila ubishi mwingi, kwa sababu ukingo salama ungelazimisha kutoa mbili, na kati ya mbili na tatu hakuna cha kugombania. Uvimbe wake ulikuwa mahali ambapo moja inatenganishwa na tano. Segimenti hiyo pia ina kikonyo kinachojitenga vizuri, na kwa wapasuaji wengi ndiyo ya kwanza kujifunza.

Mionzi ya kulenga ilijadiliwa kwa ufupi. Kwa wasioweza kupasuliwa ni tiba ya kweli. Utafiti wa RTOG 0236 uliochapishwa 2010 ulionyesha uvimbe wenyewe kudhibitiwa kwa asilimia 97.6 ndani ya miaka mitatu. Lakini haitoi tezi hata moja, na mama, pamoja na ukuta wake wa ghorofa ya nne, alikuwa anapasulika. Tukaiweka akiba.

Tezi nyeusi

Mpasuaji wa Dar es Salaam aliyempokea alikubali segimenti kwa sharti moja: tezi zitolewe kwanza, zisomwe mgonjwa akiwa bado mezani. Alikuwa sahihi. Katika utafiti wa CALGB hakuna aliyeingizwa kabla tezi zake hazijathibitishwa kuwa safi, na Wajapani nao walipokuta tezi ina saratani walihamia lobektomia. Takwimu zile nzuri ni za watu ambao tezi zao zilisomwa. Segimentektomia bila tezi ni operesheni nyingine yenye jina lile lile.

Kuna waliouliza mbona hatukumpeleka kabla kwenye PET-CT, picha ambamo saratani huwaka. Kwa kawaida inashauriwa, na angeweza ningempeleka. Ila kwa mtu aliyeugua TB mara mbili, tezi zinazowaka kwenye PET zinaweza kuwa TB ya zamani au moshi wa miaka 30, na ungebaki pale pale: lete tezi tuisome.

Tukakubaliana pia kabla, kwa maandishi, mama akisikia, nini kifanyike tezi zikiwa na saratani. Hili huwa linarukwa. Tezi za karibu, za kwenye lobu, zikiwa nayo, mpasuaji angetoa lobu nzima hata kama ni asilimia 39, kitanda cha wagonjwa mahututi kikiwa kimeshatengwa. Zikiwa nayo zile za katikati ya kifua, chini ya njia panda ya mirija ya hewa, angeishia kwenye segimenti na mama angekwenda kwenye dawa za saratani, kwa sababu kumtoa pumzi yote ile kwa ugonjwa ambao tayari umevuka kusingemlipa. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu: nikiamka nitajuaje ni lipi lilifanyika? Mpasuaji akamwambia ataambiwa na yeye mwenyewe, si na ndugu. Akasaini.

Njia ya kuingilia haikuchukua muda. Utafiti wa VIOLET wa Uingereza, wagonjwa 503, ulishaonyesha kwamba lobektomia ya kamera, yaani ile ya matundu, inapunguza maumivu na matatizo ya wodini na kumrudisha mtu nyumbani kama siku moja mapema, huku usafi wa saratani ukiwa sawa na wa kuchana. Kamera ni jambo jema kwa mgonjwa, na pafu lingekuwa huru tungeitaka. Lakini CT ilionyesha ngozi ya pafu la kulia imeshikana na ukuta wa kifua kwa eneo kubwa, na zile tezi zenye chokaa hupenda kugandia mishipa ya damu. Mpasuaji alisema atachana, na mimi sikuona sababu ya kumbishia mtu ambaye mkono wake ndio utakaoshika ateri. Roboti iliulizwa na kijana, ikajibiwa kwa tabasamu.

Baada ya nusu kaputi, kazi ya kwanza ikawa kubandua pafu kutoka kwenye mbavu, taratibu, na hiyo peke yake ilichukua muda mrefu kuliko segimenti yenyewe. Kisha tezi. Zilitoka nyeusi tii. Moshi wa maisha yote huishia humo. Mbili zilikuwa ngumu, zikakwaruza kisu kwa chokaa, na moja ya kwenye kikonyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye CT, kiasi kwamba mpasuaji aliomba vifaa vya lobektomia viandaliwe. Tezi zikagandishwa, zikakatwa, zikasomwa. Ile kubwa ilikuwa na makovu ya TB na masizi. Hakuna saratani. Tisa zote, hakuna.

Segimenti ikatoka. Ripoti kamili ilipokuja, uvimbe ulikuwa sentimita 1.9, ngozi ya pafu haikuguswa, na kati ya uvimbe na ukingo wa kukatia kulikuwa na sentimita 2.1. Ukingo unaotakiwa ni angalau sentimita 2, au usiopungua upana wa uvimbe, hivyo ulitosha, ingawa kwa kubana. Hatua ikabaki IA2, na kwa hatua hiyo hakuna dawa za kuongeza baada ya upasuaji.

Hewa ilivuja kwenye mrija wa kifua siku sita. Ni tabia ya segimentektomia, na mapafu yaliyokuwa yameshikana huongeza. Ziliuma, na mama hakuficha. Siku ya pili alishatembezwa wodini na mrija wake mkononi, na mtaalamu wa mazoezi alimfanya apulize mpaka akamchukia. Siku ya tisa akatoka.

Kijana wake alipoona mgongo alinipigia simu akiwa Dar. "Dokta, mlisema mnatoa kipande kidogo. Mbona mama kachanwa nusu mgongo?" Nikamwomba anisomee ripoti ya patholojia, mstari wa vipimo vya kilichotolewa. Akasoma. Nikamuuliza angependa lipi, kovu lile na pafu lililobaki, au matundu matatu na lobu kwenye ndoo. Akanyamaza kidogo, akasema angependa matundu matatu na kipande kidogo. Ni kweli. Kwa mgonjwa mwingine, ambaye hajawahi kuugua TB, ndicho ambacho ningemtafutia, na kama hapa hakipatikani ningemwandikia rufaa bila kusita.

Miezi sita baadaye mama alipuliza asilimia 56. Mabatini anasalimiana na watu wawili. Anataka kurudi kwenye banda, na tulichofikia ni kwamba atasimamia ununuzi kwenye soko la samaki la Mwaloni, moto washike vijana. CT ya kwanza ni safi. Nyingine ni kila miezi sita hadi mwaka wa tatu, kisha mara moja kwa mwaka, na kwenye faili lake nimeandika mapema kwamba likionekana lolote pale kwenye kikonyo tunachukua kinyama kwanza kabla ya kutaja TB, na kwamba tiba ya kwanza kufikiriwa itakuwa mionzi ya kulenga, kwa sababu kurudi kutoa lobu iliyobaki kwenye kifua kile kilichobanduliwa mara moja ni kazi ambayo mpasuaji wake mwenyewe ameomba asiitwe kuifanya.